Fulu Fremu, Mkopo wa Kausha Damu na Lenzi ya Mzee wa Mtoni

Wadau wa picha wanalijua vizuri hili neno: fulu fremu. Nenda kundi lolote la wapiga picha wa mjini, uliza kwa nini picha za fulani zina ule ukungu mtamu nyuma, uso umetoka mkali utadhani umechorwa na wembe. Jibu linakuja fasta: "Jamaa ana fulu fremu." Basi, mjadala umefungwa. Asiye nayo anavaa mkanda wa kamera yake kimya kimya na kuanza kuhesabu auze nini.

Kijana mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, alishafika kwenye hiyo hatua ya kuhesabu. Kamera yake ni Nikon D3200, toleo la 2012, aliyoinunua mkononi ikiwa na lenzi yake ya kwenye boksi, ile 18-55. Kwa kamera hiyo alipiga mahafali, maulidi, kicheni pati na picha za pasipoti, na mkono ulikuwa unakwenda kinywani. Tatizo likaja na meneja mmoja wa msanii chipukizi wa singeli. Walitaka picha ya kava ya wimbo mpya. Meneja akaangalia kazi za kijana kwenye simu, akarusha mbili tatu kwa kidole, akauliza: "Hii ni kropu, eeh?" Kijana akakubali. "Basi dogo usijisumbue. Tunataka ile ya nyuma kupotea. Hiyo kitu bila fulu fremu haipo."

Maneno hayo yalimuuma kuliko hela aliyoikosa.

Kwa wasiojua, ugomvi wenyewe uko kwenye sensa. Siyo ile ya kuhesabu watu! Sensa ya kamera ni kile kipande kinachopokea mwanga, kimekaa pale ilipokuwa inakaa filamu. Fulu fremu ina sensa ya milimita 36 kwa 24, saizi ile ile ya picha ya filamu ya zamani ya milimita 35. Kropu za Nikon zina milimita 23 kwa 15 hivi, za Canon zinapungua kidogo hapo. Ndogo kwa ndogo, tofauti ipo, hakuna anayebisha. Swali ni kama hiyo tofauti ndiyo inayotengeneza ukungu.

Kijana hakuuliza swali hilo. Alipata bodi ya fulu fremu, mkononi, kwa milioni mbili na laki mbili, bila lenzi. Yeye alikuwa na laki sita. Zilizobaki akazipata kwa maneno kutoka kwa watu wa mikopo ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu: milioni moja na laki sita, marejesho kila wiki, na dhamana ni vitu vya ndani. Vitu vyenyewe ni televisheni, makochi na friji la mama.

Hilo friji siyo pambo. Mama yake anauza barafu, ubuyu na juisi ya ukwaju dirishani, na hela ya friji ndiyo iliyomsomesha kijana mpaka akamaliza kidato cha nne.

"Baba, hiyo kamera uliyonayo imekufa?" mama akauliza.

"Haijafa mama. Ni ndogo."

"Ndogo vipi? Mbona picha ya shangazi yako ulitoa kubwa mpaka tukaitundika sebuleni?"

Kijana akakosa la kusema. Mama naye hakukataa, na hapo ndipo palipokuwa na uzito. Alisema tu, "Waambie waje Jumatatu, nitasaini." Halafu akaendelea kufunga ubuyu kwenye vifuko. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi kijana akaenda Mtoni kwa mzee mmoja wa studio, wa zile studio zenye pazia lililochorwa minazi na ndege ya abiria. Alikwenda kumuuzia flashi ili aongezee hela.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naona umekuja na begi, unahama?"

Kijana akaeleza mpango wote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hiyo bodi utaifunga lenzi gani?"

"Hii hii ya boksi, mzee."

Mzee akachukua kikokotoo anachopigia hesabu za wateja. Akamwambia lenzi ni bomba lenye tundu, na ile namba ya f inayoandikwa kwenye lenzi ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita, gawanya kwa namba ya f, unapata upana wa tundu. Lenzi ya boksi ukiivuta mpaka 55 inafungulia f/5.6. 55 gawa kwa 5.6 ni milimita 10 hivi. Kitufe cha shati. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 je? 50 gawa kwa 1.8 ni milimita 28. Hapo sasa unakaribia kizibo cha soda.

Na ukungu unatokana na hilo tundu. Ukimshika mtu kwenye fokasi, mwanga unaotoka usoni kwake unapita kwenye tundu na kukutana sawasawa juu ya sensa. Mwanga wa kitu kilicho nyuma yake unakutana mapema, kabla ya kufika kwenye sensa, halafu unaanza kutawanyika tena. Kwa hiyo taa moja ya gari, badala ya kuwa nukta, inakuwa duara. Tundu likiwa kama kitufe, duara linakuwa dogo, unaona gari na namba zake. Tundu likiwa kama kizibo, duara linavimba, gari linayeyuka. Wajapani wanauita ukungu huo boke, na ndilo neno lililozunguka dunia nzima.

Halafu mzee akampigia hesabu ya milioni mbili na laki mbili. Lenzi ya boksi imetengenezwa kwa sensa ndogo. Ukiifunga kwenye fulu fremu ya Nikon, kamera yenyewe inajipunguza, inatumia katikati ya sensa tu. Yaani umenunua nyumba ya vyumba sita unaishi kimoja. Itabidi anunue lenzi nyingine. Hela imeisha, atanunua ile zumu ya kawaida ya 24-85. Ukiivuta mpaka mwisho inafungulia f/4.5. 85 gawa kwa 4.5 ni milimita 19.

Kijana akatazama kikokotoo. 19 na 28. Mtu mwenye kropu na lenzi ya 50 ya bei chee anamzidi tundu mtu mwenye fulu fremu na zumu yake! Kama wote wawili wanapiga uso uleule kwa ukubwa uleule kwenye picha, na nyuma ni mbali, mwenye tundu kubwa ndiye mwenye ukungu mwingi. Sensa haiulizwi.

Mzee hakuishusha fulu fremu hadhi, maana hilo nalo lingekuwa uongo. Lenzi ya 50 f/1.8 kwenye kropu ya Nikon inakupa picha kama ya lenzi ya 75 yenye f/2.7 kwenye fulu fremu. Mwenye fulu fremu akifunga 85 yenye f/1.8 ana tundu la milimita 47, huyo kakuacha. Na kwenye ukumbi wa harusi usiku, taa hafifu, sensa kubwa inakula mwanga zaidi, picha haijai chenga. Ila huyo ni mtu aliyenunua bodi na lenzi. Aliyenunua bodi peke yake kanunua jina.

Mzee akafungua kabati, akatoa lenzi ya kamera yake ya filamu: Nikkor ya 50, f/1.8, ya kuzungusha kwa mkono. Ikaingia kwenye D3200 bila shida, kwa sababu kamera za Nikon za aina hiyo zinatumia mdomo uleule tangu 1959. Lakini kila kitu cha kujiendesha kikafa. Hakuna fokasi ya yenyewe, hakuna kupima mwanga, na kamera inakubali kupiga ikiwa kwenye M tu. Kitu kimoja kikabaki: ile nukta ya kijani chini ya kioo cha kuchungulia. Ukizungusha lenzi, macho ya mtu yakikaa sawa, nukta inawaka na kutulia.

"Chukua mpaka Jumatatu," mzee akasema. "Ukiona haifai, kasaini."

Modo wa kwanza alikuwa mama, Ijumaa saa saba mchana. Picha zikatoka nyeupe pe. Siyo lenzi mbovu, ni jua. Kanuni ya wazee wa filamu inasema jua likiwa kali na ISO ni 100, weka f/16 na shata 1/100. Ukifungua tundu mpaka f/1.8, mwanga unaongezeka karibu mara 80, kwa hiyo unahitaji shata ya 1/8000. D3200 inaishia 1/4000. Ndiyo maana wengi wakinunua lenzi ya namna hii wanaijaribu mchana, wanaunguza picha, wanairudisha dukani. Kijana akamhamisha mama kivulini chini ya mwembe, akashusha shata mpaka 1/1000. Uso wa mama ukarudi, rangi yake yenyewe, bila kupauka.

Lakini nyuma bado hakukupotea. Mama alikuwa ameegemea ukuta. Hili ndilo kosa la wapiga picha wengi wa mtaani: mteja anabandikwa ukutani au kwenye pazia kama kalenda, halafu lawama inakwenda kwa kamera. Ukuta ulio sentimita 20 nyuma ya mtu hauna nafasi ya kupotea. Kijana akavuta kigoda, akamsogeza mama mita sita mbele ya ukuta, yeye akabaki karibu na mama. Akabonyeza. Ukuta wenye matangazo ya mganga na namba za fundi bomba ukageuka kuwa rangi tu, kama maziwa yaliyotiwa majani ya chai.

Jumamosi asubuhi akajifunza jambo la tatu, na hili lilimtoa jasho. Ukungu ukizidi unakula na uso. Kwa lenzi ile kwenye kropu, ukisimama mita moja na robo tatu kutoka kwa mtu, eneo linalokaa kwenye fokasi ni sentimita nane au tisa tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Ukisogea mpaka mita moja linabaki kama sentimita tatu. Hapo jicho liko kali na sikio limeshafifia. Mtu akipumua tu, akaenda mbele kidogo, umepiga ncha ya pua. Ukirudi nyuma mpaka mita tatu unapata sentimita 25 hivi, unapumua na wewe. Kwa hiyo akaweka sheria zake: fokasi kwenye jicho lililo karibu na kamera, siyo puani, siyo kwenye shanga. Nukta ikiwaka, bonyeza hapohapo, usianze kupanga picha upya. Watu wakiwa wawili, wapange mstari mmoja na ufunge tundu mpaka f/2.8 au f/4, la sivyo bwana harusi atatoka na bibi harusi atakuwa mzimu.

Jioni hiyo akamwita yule dogo wa singeli, ambaye walikuwa wanacheza naye chandimu tangu utoto. Hakumwambia meneja. Alimwomba nusu saa tu, bure.

Wakasimama kwenye uchochoro unaotokea barabara ya Kilwa, saa kumi na mbili na nusu, jua limeshazama lakini mbingu bado ina mwanga. Dogo akawekwa mdomoni mwa uchochoro, uso umeelekea upande wenye mwanga wa mbingu. Nyuma yake, kama mita 40, ni barabara: daladala, bajaji, bodaboda, taa nyekundu za breki na taa za njano za maduka. Tundu f/1.8, ISO 400, shata 1/200. Kijana akasimama hatua mbili kutoka kwake.

Dogo ni mtu wa singeli, hatulii. Kila nukta ya kijani ikiwaka yeye kashasogea. Picha 60 zilipigwa, zenye macho makali zilikuwa 11. Tatu kati ya hizo zilikuwa moto. Taa zote za barabara ya Kilwa zimekuwa maduara makubwa, nyekundu na njano, yamekaa nyuma ya kichwa chake kama puto za sherehe. Na nywele zake, zile dredi fupi zilizosimama, zilionekana mojamoja mpaka ncha.

Hapo kwenye nywele ndipo kazi iliposhinda. Meneja alikuwa ameshampiga dogo kwa simu yake ya bei kubwa, kwa ile modi ya kutia ukungu. Simu nyingi zina tundu dogo sana, kwa hiyo programu ndiyo inayokisia mtu anaishia wapi, halafu inapaka ukungu kwa nje. Kwenye kipara inakisia vizuri. Kwenye dredi, afro, hereni au kitambaa cha shela chenye matundu inababaika: inafuta ncha za nywele au inaacha kipande cha ukuta katikati yake. Dogo kwenye picha ya simu alionekana kama kavaa kofia iliyoyeyuka. Lenzi haikisii. Kilicho karibu kinakaa, kilicho mbali kinakwenda zake.

Jumapili kijana akatuma picha moja kwa meneja, bila maneno. Jibu likaja baada ya dakika mbili: "Umekodi fulu fremu kwa nani?"

Kijana akaandika: "Ni ileile."

Meneja akapiga simu. Hakuomba radhi, mameneja siyo watu wa hivyo. Aliuliza bei. Wakakubaliana laki moja na nusu, na picha ikaenda kwenye kava.

Jumatatu asubuhi jamaa wa mikopo alifika na karatasi zake. Kijana akamwambia wamebadili mawazo. Jamaa akabembeleza, akasema riba itashuka, akasema nafasi hii haiji mara mbili. Mama akamkaribisha juisi ya ukwaju, akamuuzia kwa bei ya kawaida, akaondoka nayo.

Lenzi ya mzee ilirudi Mtoni siku hiyohiyo, maana ya kuazima ni ya kurudisha. Kwenye zile laki sita na laki moja na nusu ya kava, kijana akatafuta lenzi yake mwenyewe, na hapa wenye kropu za Nikon wasome taratibu. Kariakoo atakuonyesha mtu 50 f/1.8 yenye herufi D, bei rahisi. Hiyo haina mota ndani. Kamera kama D3200 nayo haina mota ya kuzungusha lenzi, kwa hiyo utabaki na nukta ya kijani na jasho. Inayofaa ni yenye maandishi AF-S na herufi G, hiyo inajiendesha. Wa Canon wana nafuu: 50 f/1.8 zao za EF zote zina mota, na ile ya STM iliyotoka 2015 ni tulivu kuliko ya zamani. Kwenye chumba kidogo 50 inabana kwa kropu, mgongo unagonga ukuta kabla hujapata mabega ya mtu. Hapo 35 f/1.8 ni rafiki, ila tundu lake ni milimita 19, usitegemee maajabu yaleyale.

Na kwa asiye na hata hela ya 50, ila ana ile zumu ndefu ya 55-200 imelala begani: 200 gawa kwa 5.6 ni milimita 36. Ndiyo, tundu pana kuliko la 50! Masharti yake ni uwanja. Inabidi usimame kama mita saba kutoka kwa mtu, na mwanga uwe wa kutosha. Ufukweni jioni, kiwanja cha shule, barabara ya vumbi iliyonyooka, mtu mmoja katikati na nyuma mbali. Picha itakayotoka, mtu atakuuliza umenunua lini fulu fremu.

Kijana wa Mbagala bado anaitaka fulu fremu, asidanganywe mtu. Harusi za usiku zimeanza kumjia na anaona chenga kwenye picha za ukumbini. Ana kibubu, anatia humo theluthi ya kila kazi. Safari hii kwenye hesabu yake lenzi imeandikwa mstari wa kwanza, bodi inafuata, na friji halimo.

Wadau, nani anapiga na kropu na watu wanakataa kuamini? Tupia lenzi unayotumia, na useme mtu alisimama umbali gani kutoka ukutani.